Krismasi ya Kabla ya Kupanda

Mwanangu Liberata,

Mama yako amekwisha kukuusia habari za maji ya kuchemsha, chandarua, na wanaume wanaokuuliza saa huku wamevaa saa mkononi. Hayo sirudii. Kibali chako cha kutoka makazi haya ya wakimbizi najua umekiweka ndani ya Biblia, kwa hiyo sikuulizi kiko wapi. Mimi nina jambo moja tu. Nikilisema kwa mdomo utanijibu haraka kama kawaida yako, nami nitapandisha sauti kama kawaida yangu, na lori litaondoka tukiwa tumenuniana. Nimeona niliandike. Utalisoma ukiwa Majengo, huko Mpanda, umeketi mbele ya cherehani ya Bwana Maganga, na mimi sipo wa kubishana nawe.

Jambo lenyewe ni Krismasi.

Usicheke. Najua mnavyosema nyie watoto wangu, kwamba baba akiona pipi anatafuta ndoano ndani yake. Ni kweli. Mtu aliyewahi kuambiwa jioni kwamba hakuna hatari, kisha asubuhi akavuka mpaka na nguo alizovaa, hawezi tena kusikia habari njema bila kutazama nyuma ya anayeileta. Ugonjwa huu nimekaa nao muda mrefu kuliko umri wako. Umewahi kunisaidia, na umewahi kunifanya mpumbavu mbele za watu. Nitakueleza yote mawili, uchague mwenyewe la kubeba.

Mwaka huu lori la Bwana Maganga lilifika wakati bado tunachoma majani mashambani. Hakukuwa na wingu hata moja. Vumbi lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu. Kwenye kibanda cha dereva kulikuwa na redio kaseti inayoimba habari za mtoto aliyezaliwa horini, na ubavuni mwa lori yalining'inia magauni ya watoto, mekundu na ya njano na ya zambarau, yakipigwa na vumbi hilohilo. Unakumbuka alivyonisalimia.

"Mwalimu Venansi! Heri ya Krismasi!"

"Ya mwaka jana au ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu, mzee wangu. Inakuja mbio."

"Mbona kalenda ya kanisa inasema bado tuko mwezi wa kumi?"

"Kalenda ya kanisa imetundikwa ukutani, mwalimu. Ya kwangu ina magurudumu."

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na nilipofika nyumbani nilijikasirikia kwa kucheka. Lakini kabla ya hapo nilikuona wewe. Ulikuwa umeshika gauni moja, umeligeuza ndani nje, unavuta uzi wa pindo.

"Hili litafumuka kabla misa haijaisha," ukamwambia.

Mtu mwingine angekukaripia kwa kumharibia biashara. Yeye akakuuliza, "Nani kakufundisha kushona, dada?"

"Masista."

"Basi njoo mjini unishonee yasiyofumuka. Kwangu cherehani zipo mbili, na fundi niliye naye ana mkono wa kushona magunia."

Hivyo ndivyo ulivyopata kazi, mbele ya kijiji kizima, kwa kusema kweli. Nilijivuna, Liberata. Sikukwambia. Nilibaki nauliza maswali: atakulipa nini, utalala wapi, mke wake ni nani. Yote ukayajibu. Swali lililonikaa moyoni sikuliuliza, kwa sababu halikukuhusu wewe. Nilitaka kujua kwa nini Krismasi yake inaanza wakati wa jua kali.

Wewe umezaliwa huku, kwa hiyo Siku ya Mbegu umeikuta kama ulivyokuta mlango wa nyumba. Huenda unafikiri tuliibeba jinsi ilivyo. Hapana. Kule kwetu watu wa zamani walikuwa na umuganuro, sikukuu ya mtama. Babu yangu alisema hapo kale ilikuwa ya mfalme, yenye ngoma na watu wengi. Mimi sikuiona hiyo. Niliyoiona utotoni ni ya nyumbani tu: baba anaonja, mama anaonja, watoto wanapewa, kisha kesho yake watu wanaingia shambani. Nilipokuwa kijana niliyesoma kidogo niliiona ni mambo ya kishamba. Nilikuwa mtu wa kitabu.

Mwaka tuliofika huku tulipewa pori na majembe. Mbegu ziligawiwa kwa waliofika mapema. Wengine walikuja baadaye, lori lao lilikwama njiani, na walipofika hapakuwa na kilichobaki. Walikuwa watu wenye haya. Usiku walikula mizizi na asubuhi wakasema wameshiba. Bibi Pelajia, yule mkunga ambaye wewe ulimjua akiwa tayari haoni, ndiye aliyewaita watu wote baada ya mvua ya kwanza ya kweli. Akaweka kapu moja kubwa katikati. Akasema kila nyumba itaingiza ngumi iliyofumbwa ndani ya kapu na kuifungulia humohumo. Mbegu zako unazichota chini ya kitenge, hakuna anayeona. Unazunguka, unarudi, unaingiza tena, mpaka umalize ulichokusudia kutoa. Asiye na kitu naye anazunguka na ngumi yake. Anayeshika kapu anatazama pembeni, anazungumza habari za mvua. Mwisho Bibi Pelajia anachanganya kwa mikono miwili mpaka kwenye viwiko, kisha anagawa kwa bakuli moja, sawa kwa sawa, kwa kila nyumba.

Hivyo hakuna aliyejua nani katoa na nani kapewa. Tulikula ugali wa mtama na maharage ya zamani, wazee wakanywa impeke, pombe ya mtama, kwa mirija kutoka mtungi mmoja, na kesho yake kila shamba lilipandwa. Kila shamba. Nimesoma vitabu vingi kiasi kwa mtu wa hali yangu, vingine bila jalada, vingine vikiwa karatasi za kufungia chumvi, na sijakuta popote jambo lililofikiriwa vizuri kuliko ile ngumi.

Miaka ile Krismasi haikuwa na nguvu ya kushindana na chochote. Madukani hapakuwa na kitu. Tulipanga foleni kwa ajili ya sabuni, na kitambaa kilikuwa habari ya kusimuliwa. Krismasi ilikuja yenyewe, siku yake, mashamba yakiwa yameota. Tuliimba, tukachinja kuku kama yupo, watoto wakavaa nguo zilezile zilizofuliwa. Kabla yake kulikuwa na Siku ya Marehemu Wote, tuliyoiadhimisha kwa namna ya ajabu, kwa kuwa makaburi ya wazazi wetu yako ng'ambo na hatuna pa kuweka maua. Kisha Siku ya Mbegu. Kisha Majilio, wiki za kungojea. Kila kimoja kilikuwa na nafasi yake ya kupumua.

Halafu biashara ikafunguliwa. Sisemi ni vibaya. Nani anataka kurudi kwenye foleni ya sabuni? Bidhaa zikaja Mpanda kwa reli, na kutoka Mpanda zikaja kwetu kwa lori. Mwaka wa kwanza magauni yalikuja Desemba. Mwaka uliofuata yakaja Novemba. Kisha Oktoba. Sasa Siku ya Marehemu tunawaombea wafu wetu huku redio kaseti barabarani inashangilia uzazi. Padre alilalamika mara moja kanisani kwamba Majilio ni ya kungojea na watu hawana tena cha kungojea. Watu waliitika amina, wakatoka, wakaenda kwenye lori.

Mimi nikaanza kuchunguza. Na hapa nianze na upumbavu wangu. Jambo la kwanza nililoshuku ni mizani. Nilisema mtu anayechukua maharage yetu badala ya pesa za kitambaa lazima anaiba kwenye mizani. Nikabeba mfuko wa chumvi ambao ulikuwa bado umefungwa na uzito wake umeandikwa, nikajifanya napita tu, nikaomba aupime.

Bwana Maganga akaniangalia, akaangalia mfuko. "Mwalimu, chumvi yako inaumwa?"

"Pima tu."

Akapima. Ulikuwa sawasawa. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. "Ukitaka kuja na sukari kesho, karibu."

Mizani yake ni safi. Liandike hilo moyoni, kwa sababu unakwenda kula chumvi ya mtu huyu, na sitaki uende ukimdhania mwizi. Hadanganyi uzito, hatukani, hashiki mikono ya wanawake anapopokea mizigo. Akisema gauni ni jipya, ni jipya. Ndiyo maana nilichukua muda mrefu kuona. Nilikuwa natafuta uongo, na uongo haukuwepo.

Nilichokiona hatimaye ni hiki. Lori lake linakuja wiki baada ya wiki mpaka mvua inyeshe. Mvua ikishika, watu wakishapanda, lori haliji. Angalia mwaka jana. Katikati ya Desemba, wakati mtu angefikiri ndipo Krismasi yenyewe inapouzwa, barabarani palikuwa kimya. Mama mmoja alitaka shati la mwanawe, akaambiwa aende mjini. Halafu baada ya siku chache lori likaja, likiwa na magunia ya mbegu za kuwauzia waliokuwa hawana za kupanda.

Nilikaa na jambo hilo kama mtu aliyepewa hesabu iliyo na jibu tu, bila swali. Mwezi wa kumi ghalani kwetu kuna nini? Chakula kimekaribia kuisha. Pesa za tumbaku, kwa wanaolima, zimekwisha. Kitu pekee kilichobaki kilicho kizuri, kikavu, kilichochaguliwa punje kwa punje na kupakwa majivu, ni mbegu. Na mbegu zinaweza kununuliwa tu kabla hazijaingia ardhini. Zikiingia ardhini hakuna mfanyabiashara anayeweza kuzichukua. Kwa hiyo kama unataka mbegu za watu, lazima Krismasi iwahi kufika kabla ya mvua.

Sidai kwamba Bwana Maganga alikaa chini akapanga hivyo kwa ubaya. Huenda aliona tu kwamba mwezi wa kumi anapata maharage mazuri kuliko Desemba, akafuata njia hiyo kama maji yanavyofuata mtaro. Nilimuuliza wiki iliyopita alipokuja kuzungumza habari zako. Nilimuuliza waziwazi.

"Unajua kwamba haya unayochukua ni ya kupanda?"

"Mwalimu, maharage hayana kitambulisho."

"Wewe ni mtoto wa mkulima. Ukiyashika unajua."

Akasema, "Mimi sijamlazimisha mtu. Watoto wanataka kupendeza. Nisipokuja mimi atakuja mwingine, na mizani ya huyo mwingine utaipima kwa chumvi mpaka uchoke."

Mama yako akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Na baadaye, Maganga alipoondoka, ndipo aliponiambia jambo ambalo nimekuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Unaikumbuka ile Siku ya Mbegu ya mama Evaristi? Ulikuwa na miaka tisa. Mwaka ule mimi ndiye niliyeshika kapu, kwa sababu waliolishika kabla yangu walikuwa wamezeeka. Kazi ya mshika kapu ni kutazama pembeni. Ni kazi rahisi kuliko zote duniani, na mimi ilinishinda. Nilikuwa nimeona kapu linapungua mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nimeona watoto wa Domitila, mama Evaristi, mjane yule, wamevaa viatu vipya kabla ya mvua. Nikasema moyoni: ndiyo hao. Kwa hiyo sikutazama pembeni. Nilizitazama ngumi. Ngumi yake ilipoingia niliiona kama imelegea, kama haina kitu. Akazunguka, akarudi, nikaiona tena imelegea.

Nikasema, kwa sauti ya kutania ambayo haikuwa ya kutania, "Domitila, mkono wako mwepesi mwaka huu. Viatu vya watoto vimekula mbegu?"

Alisogea nyuma hatua moja, akashika ncha za kitenge chake, akakikung'uta mbele yetu sote. Maharage yakamwagika kwenye tope. Mengi, Liberata. Alikuwa bado hajatoa hata nusu ya alichokusudia.

"Haya, mwalimu," akasema. "Hesabu."

Akawachukua watoto wake akaenda. Wewe na watoto wengine mliokota yale maharage mkiyafuta kwa nguo zenu na kuyatia kapuni. Viatu, nilikuja kusikia, vilitumwa na kaka yake anayefanya kazi Tabora. Tangu siku hiyo Domitila hajakanyaga tena kwenye Siku ya Mbegu. Alikuwa akimtuma mtoto na mfuko uliofungwa, anauweka kando ya kapu, anakimbia. Tukawa na nyumba moja ambayo kila mtu anajua inatoa. Na nyumba moja ikijulikana, nyingine nazo zinaanza kukisiwa. Mimi niliyemshuku Maganga kwa kuua sikukuu yetu, ndiye niliyeitoboa kwanza.

Hilo unalijua. Usilolijua ni hili, na mama yako ameniruhusu kuliandika. Mwaka ule ulitaka gauni. Lilikuwa la njano, lenye mkanda wa nyuma unaofungwa upinde. Nilikataa. Nilitoa hotuba ndefu mezani kuhusu wafanyabiashara, na ulilala ukilia, na mimi niliona nimefanya jambo la maana. Siku ya Krismasi ukalivaa. Mama yako akasema amelipata kwa kuuza mikeka. Sikuuliza mikeka ipi. Mimi niliyepima chumvi kwa mizani ya mtu, sikuuliza.

Wiki iliyopita, akiwa amekaa pale chini bado anafuta machozi ya kucheka, aliniambia, "Ile siku ulikuwa unamtafuta mwenye ngumi tupu kijiji kizima, Venansi. Ulikuwa unalala naye kitanda kimoja."

Nikaketi chini karibu naye, naye akaendelea:

"Nilibadilisha mbegu zote. Za mtama na za maharage. Nilizunguka kapu lako na mkono mtupu, na wewe ukanitabasamia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Ulikuwa umeshahutubia." Kisha akasema, "Ukimwandikia mtoto, mwambie. Lakini mwambie pia kwamba gauni lilikuwa zuri."

Gauni lilikuwa zuri, mwanangu. Nakuona bado ukigeuka mbele ya kanisa ili mkanda uruke. Na shamba letu mwaka ule lilipandwa kwa mbegu za kapu, ambazo nyingi zilikuwa zimetoka kwenye kitenge cha Domitila. Wewe mwenyewe uliziokota.

Juzi nilikwenda kwake. Si rahisi kwa mtu wa umri wangu kusimama kwenye uwanja wa mtu na kofia mkononi. Alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya Kandida, mama yako, kwa sababu nilidhani namletea siri.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Wanawake wote tuliona. Tulinyamaza kwa sababu ndiyo kazi ya ile ngumi. Wewe tu ndiye uliyekuwa unatazama, na hukuona kitu."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikudai. Nikamwomba Jumamosi, mvua ikiwa imeshika, aje mwenyewe, na kapu alishike yeye. Hapo akaacha kupepeta. Akaingia ndani, akatoka na magauni mawili madogo, mekundu, bado yana mikunjo ya dukani. Ya wajukuu.

"Nije na nini?" akaniuliza. "Lori lilikuja mara tatu. Mara mbili niliwaambia watoto hapana. Mwaka huu ngumi yangu ndiyo tupu, mwalimu. Sasa umepata uliyemtafuta."

Nimekaa na maneno hayo tangu juzi. Kama nyumba ya Domitila haina mbegu, sijui nyumba ipi inazo. Nimepita kwa baadhi ya watu, nikizungumza habari za mvua, na watu wamezungumza nami habari za mvua. Naogopa Jumamosi tutakuwa na kapu linalozungukwa na ngumi tupu peke yake. Tutazunguka kwa adabu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye kitu, na mikono ya kuchanganya itafika chini na kugusa ukili wa kapu. Kisha litakuja lori na magunia.

Nilitaka kukuambia usiende. Nilikuwa na sentensi zote tayari, nzuri, zenye ushahidi. Nimeziacha kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimekwisha kuitoa hotuba hiyo mara moja mezani na umeona ilichozaa: mama alifanya kimyakimya kile nilichokikataza kwa kelele. Ya pili, unataka kuchuma mpaka upate cherehani yako mwenyewe, nami sina njia nyingine ya kukupatia. Huku makazini ardhi tunayolima si yetu, na tunaolala nyumba hii tunaweza kuambiwa kesho turudi ng'ambo. Redio kila siku ina habari mpya za huko na hakuna iliyo njema. Mikono yenye ufundi hakuna anayeweza kuiwekea mpaka. Nenda.

Lakini fikiri hapo utakapokuwa umekaa. Bwana Maganga amesema kuanzia msimu ujao lori litakuwa likiwapakia na wateja pia, waje mjini kupimwa wenyewe. Atakuja mama kutoka huku kwetu, au kutoka Mwese, au wa hapo karibu na mji. Wote tunalima mvua ileile. Atakuwa na furushi kichwani, na mtoto ameshika sketi yake, macho kwenye magauni ya ukutani. Furushi litashushwa miguuni pako kabla halijakwenda kwenye mizani. Utaingiza mkono. Huhitaji kuona. Maharage ya chakula yana vumbi na yaliyovunjika na kijiwe kimoja kimoja. Ya kupanda yanateleza kwa majivu, yote ya ukubwa mmoja.

Usimkatalie. Mimi nilikataa. Usimhubirie kuhusu kalenda wala kuhusu lori, maana atajibu kama Maganga, kwamba watoto wanataka kupendeza, na atakuwa amesema kweli. Usimtazame kama nilivyomtazama Domitila. Nilimuuliza mama yako ni kitu gani kingemrudisha siku ile na mbegu zake, kama angekutana nacho. Nilidhani atasema mume mwenye moyo laini. Akasema, "Kama mtu angeniuliza. Toka nyumbani mpaka kwenye mizani hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Nilikuwa naomba mtu aniulize."

Basi uliza wewe. Kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, ukiwa bado unampima mabega: "Mama, haya ni ya kula au ni ya kupanda?" Kisha nyamaza umpe nafasi. Akisema ya kula, mshonee. Akisema ya kupanda na bado anataka, mshonee, tena vizuri, na usimpunguzie tabasamu. Ni mama yako huyo. Akilifunga furushi lake akageuka, mwache aende, hata kama mtoto analia.

Bwana Maganga ana masikio. Siku moja atakusikia, na ninavyomjua, hatapiga kelele, atafanya hesabu. Huenda akacheka akakuacha, kwa sababu mafundi wenye mkono kama wako si wengi. Huenda akakwambia upande lori la kurudi. Sijui, na ni mara ya kwanza kwa miaka mingi sijifanyi kwamba najua mtu atafanya nini. Ikiwa ni hilo la pili, cherehani yako itakuwa imekwenda, nami ndiye niliyekuponza kwa karatasi hii. Kwa hiyo sikuagizi. Nimekwambia ninachokiogopa na nilichokikosea; kuuliza au kutouliza ni kwako, na vyovyote utakavyofanya sitakuuliza ulifanya nini.

Ukirudishwa, usipite nyuma ya nyumba kwa haya. Pita barabarani, saa ya watu, na mashine au bila mashine. Nitakuwa nje. Sitasema neno juu ya Bwana Maganga mpaka umalize kula, na hata hapo mama yako amekwisha kuniahidi kwamba atanikanyaga mguu.

Baba yako,
Venansi